Televisheni Iliyoonyesha Mikono ya Rukia

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimesimama ndani ya duka Malindi, kanda ya video nimeikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kichanga kwenye manyunyu, na mbele yangu televisheni zimepangwa zinaniangalia. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa msichana wa cherehani, nashona magauni na mapazia ya watu. Shangazi yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa nyuma yangu, na alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini, "Tulia. Hatununui kwa macho ya dukani."

Siku hiyo imenirudia kwa sababu yako. Juzi ulinijia na simu yako, ukanionyesha picha za televisheni, hii bapa, ile bapa zaidi, kila moja imebandikwa herufi na nambari za kusifia ung'avu wake. Ukaniuliza, "Bibi, ipi nzuri? Fedha zangu si nyingi, si haba." Nikakwambia nitakujibu, nawe ukacheka ukidhani nitasahau. Sikusahau. Ila jibu langu lina njia ndefu kidogo, na linaanzia kwa dada yangu Rukia.

Rukia ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Aliposwa na kijana wa ukoo wetu aliyekuwa akikaa Maskati, na kwa kuwa baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ami yetu aliyekuwa huko huko ndiye aliyesimamia ndoa. Rukia akasafirishwa, harusi ikafanywa Maskati. Mama hakuweza kwenda. Alikuwa ameteleza uani akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo kitanda na kiti ndiyo ilikuwa safari yake. Shangazi na mimi tulibaki kumtunza.

Barua zikaja. Rukia hajambo, mume mwema, nyumba nzuri, hali ya hewa joto. Mama alikuwa akisikiliza nikimsomea, kisha anasema, "Maneno ya barua ni kama buibui, mwanangu. Hufunika." Usiku halali vizuri, chakula anakigusa tu. Mtoto wake ameolewa ng'ambo ya bahari na mtu ambaye yeye alimjua kwa jina tu, na hakuwa na njia ya kumtazama usoni.

Kisha ikaja kanda. Ililetwa na msafiri, imezungushiwa leso ndani ya boksi, pamoja na mashine yake ya kuichezea, deki kama tulivyoziita, zawadi ya bwana harusi kwa mkwewe. Kanda ilikuwa ya kupamba. Nyinyi wa leo mnazijua kupamba za kwenye mahoteli, lakini shabaha ni ile ile. Bibi harusi huketishwa juu, amepambwa, na wanawake peke yao ndio wanaomtazama. Mwanamume haingii. Hata aliyepiga picha alikuwa mwanamke.

Mama aliishika ile kanda, akaigeuzageuza, akaniita nikae kitandani.

"Unajua Rukia akiogopa hufanya nini?"

Nilijua. Tangu mdogo, Rukia akiwa na hofu au dhiki huficha vidole gumba ndani ya ngumi. Siku ya kwanza kupelekwa chuoni kusoma Kurani alivificha asubuhi nzima, mwalimu akashindwa kumshikisha kalamu. Siku ya maziko ya baba alivificha mpaka jioni. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo.

"Uso wa bibi harusi hausemi kitu," Mama akasema. "Ataketi ameinamisha macho kama alivyofundishwa, hatacheka, hatalia. Mikono ndiyo itakayoniambia. Basi hiyo televisheni mtakayotafuta, mimi sitaki urefu wala upana wake. Nataka nione vidole."

Na ujue kwamba jicho lake moja lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu.

Utauliza kwa nini hatukuipeleka kanda kwa jirani mwenye televisheni. Zilikuwepo nyumba chache zenye vyombo hivyo, na wenyewe walikuwa watu wema. Lakini katika nyumba hizo wamo wanaume wanaoingia na kutoka, na kanda ya kupamba ikishatoka mkononi mwako huna ulinzi nayo tena. Mtu ataiazima, mwingine atainakili, mara utasikia vijana wameitazama mahali. Ilikuwa imeshatokea kwa watu, na mabinti wao wakaona haya kutoka nje. Mama alisema, "Binti yangu hatazamwi kwenye kochi la mtu." Ikawa hatuna budi kununua yetu, kwa akiba ya cherehani yangu na kile Mama alichokuwa amekiweka. Kama zako, mwanangu. Si nyingi, si haba.

Nami nilikuwa tayari nimeshaiona ninayoitaka.

Mtaani kwetu Shela alikuwepo Bwana Hemedi, aliyekuwa dereva Jeddah miaka mingi, na aliporudi alirudi na televisheni ambayo mtaa mzima ulikwenda kuiamkia. Kubwa, imejengewa kabati la mbao lenye milango miwili ya kufungua, na vishikio vya rangi ya dhahabu. Yeye alikuwa anataka kuiuza anunue mashua ya mwanawe, na bei aliyoitaja ililingana na tulichokuwa nacho. Mimi nilikuwa nimeshachukua vipimo vyake na kuishonea kifuniko cha kitambaa cheupe chenye lesi ukingoni. Kifuniko kilikuwa kimekunjwa sandukuni, kinangoja. Na majirani nilikuwa nimeshawaambia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi sikuwa hata nimekipata.

Shangazi alinikuta siku hiyo nimevaa buibui, fedha nimezifunga kwenye pindo la leso.

"Waenda wapi?"

"Kwa Bwana Hemedi. Namaliza leo."

"Umeiona ikiwaka?"

"Sijaiona, Shangazi, lakini Bwana Hemedi ni mtu mkweli."

"Mkweli ni yeye. Televisheni yenyewe bado haijasema kitu." Akatafuta viatu vyake. "Halwa unaonjeshwa kabla hujanunua, na halwa ni ya siku moja. Hili dude utakaa nalo miaka na hukuonja? Ngoja tuende sote."

Sikupendezwa, nakwambia kweli. Shangazi alikuwa mpambaji, kazi yake kupamba maharusi, na mimi nilijiuliza moyoni mtu wa hina na asumini anajua nini habari za televisheni. Lakini kwetu mtu hamtangulii shangazi yake mlangoni.

Bwana Hemedi alitukaribisha kwa mzaha wake wa siku zote. "Bi Mwanahawa, leo umekuja kuposwa nini?"

"Nimekuja kumwona mchumba huyu wa mbao," Shangazi akamjibu. "Mwambie afungue macho nimtazame."

Bwana Hemedi akafungua ile milango miwili, akavuta waya. Plagi ilikuwa na meno mawili bapa, membamba kama ulimi wa kinyonga, na tundu za ukutani kwetu ni tatu tena nene. Akasema si kitu, ataikata plagi, nyaya atazichomeka hivi hivi kwa vijiti vya kiberiti. Watu walikuwa wakifanya hivyo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kisu.

"Hebu subiri," Shangazi akasema. "Nyuma yake pameandikwaje?"

"Pameandikwa nini tena, Bi Mwanahawa? Ni nambari za kiwandani."

"Hata leso ina maandishi, na mimi siivai kabla sijayasoma. Soma."

Akaigeuza, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasoma. Akasoma tena. Umeme uliotakiwa na ile televisheni ulikuwa karibu nusu ya nguvu za umeme wetu. Jeddah alikokaa yeye ndivyo walivyotumia nyumbani mwake, na kwa kuwa hapa hakuwahi kuiwasha, hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Kisu akakiweka chini polepole.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ningeiwasha, tungekuwa tunamwaga ndoo za maji humu sasa hivi."

Nami bado sikutaka kuiacha. Nikauliza kama hakuna mashine ya kupunguza umeme. Akasema zipo, kisha akakuna kidevu. "Lakini kwani mwataka kutazama nini?"

"Kanda ya harusi. Kutoka Maskati."

"Ah. Basi hata hiyo mashine haitawafaa, binti yangu. Kanda za Maskati tulikuwa tukiletewa kule Jeddah, zikawa zinatoka nyeusi na nyeupe. Kila nchi ina mtindo wake wa kupeleka rangi, na televisheni ya Jeddah haielewi mtindo wa Maskati."

"Na hukumwambia hivyo mtoto?" Shangazi akamuuliza.

"Hakuniambia anataka kutazama nini. Aliniuliza bei na upana wa kabati."

Mwanangu, hapo nilitazama chini. Ilikuwa kweli tupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi nilikuwa nimeushonea mkakasi nguo kabla sijaufunua. Lakini nilipotoka nje, upepo uliponipiga, niligusa lile pindo la leso nikahisi fundo bado lipo. Sijapata kufurahia fundo kama siku ile.

Njiani Shangazi hakunisimanga. Alisema neno moja tu. "Unakwenda kununua jicho la mamako. Jicho halinunuliwi kwa mlango wake."

Kabla ya kwenda dukani alinirudisha nyumbani kwanza. Akachukua leso, akaikunjua kuanzia kitanda cha Mama, upande hadi upande, mpaka kwenye ukuta ambapo chombo kingekaa, akaitia leso alama ya uzi pale ilipogusa ukuta. Kisha akaangalia dirisha linatia mwanga wapi, na saa ngapi. Dirisha moja lilikuwa linaelekea baharini. Akasema chombo kisikae hapo, kwa sababu chumvi ya upepo hula chuma kimyakimya. Mwanawe alifanya kazi Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na redio zake zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Halafu akachukua deki yetu, akaitia kikapuni. "Twende na chetu," akasema.

Dukani kwa Bwana Salimu kulikuwa na televisheni tatu ambazo bei zake tungeweza kuzigusa. Moja kubwa, iliyokwisha kutumiwa na mtu. Moja ya wastani, mpya. Moja ndogo kabisa, nayo mpya. Bwana Salimu aliwasha ile kubwa, akaweka kanda yake ya dukani. Maua, maporomoko ya maji, kasuku wa rangi zote. Rangi zilikuwa zinapiga kelele. Mimi moyo ulikwenda tena.

"Kubwa ndiyo heshima ya nyumba," Bwana Salimu akasema.

"Heshima tunayo," Shangazi akamjibu. "Tunalokosa ni vidole."

Hakuelewa, na Shangazi hakumweleza. Lakini kikwazo chetu kilikuwa pale pale. Televisheni tulitaka kuijaribu kwa kanda yetu, na kanda yetu haitazamwi na wanaume, na duka limejaa wanaume. Bwana Salimu mwenyewe, msaidizi wake, na wateja wawili waliokuja kuulizia feni. Ndipo nilipokuwa nimesimama na kanda kifuani, sijui niiweke au niiondoe. Watu wengi wa kwetu walinunua vyombo vyao bila kujaribu kwa sababu hiyo hiyo, wakafika nyumbani wakakuta ndivyo sivyo.

Shangazi akatazama kivuli cha nguzo barazani. "Alasiri imekaribia, Bwana Salimu. Mkienda kuswali, tuachie duka na Bi Khadija."

Bi Khadija alikuwa mkewe, nyumba yao iko ghorofani juu ya duka.

"Nikuachie duka? Mtaniibia."

"Nikuibie nini? Hiyo televisheni nitaivalia buibui nipite nayo?"

Wale wateja wa feni wakacheka, na Bwana Salimu naye akacheka. Adhana ilipoanza wanaume wote wakatoka, mlango ukarudishwa nusu, Bi Khadija akashuka na funguo kiunoni, na duka likawa la wanawake kwa muda wa swala moja. Hivyo tu, mwanangu. Jambo lililokuwa likiwafunga watu miaka lilikuwa na mlango wake, na mlango wenyewe hufunguliwa kila siku.

Tulianza na ile kubwa. Kanda ikaanza kwa wanawake wa ngoma, kabla bibi harusi hajaingizwa, wanapiga makofi, mikono yote ina hina. Shangazi akainua uso.

"Hawa wamepaka hina au wametoka kuchinja kuku?"

Mikono ilikuwa myekundu ya damu. Bi Khadija akapunguza rangi kwa kile kifundo cha kuzungusha, mikono ikawa majivu. Akaongeza kidogo, damu. Akapunguza kidogo, majivu. Katikati hapakuwepo. Kile kioo kilikuwa kimechoka, na kwa maua na kasuku usingejua kamwe, kwa sababu nani anajua kasuku yule alikuwa mwekundu kiasi gani? Lakini hina Shangazi alikuwa akiijua toka ikiwa majani. Hapo nilielewa mpambaji anajua nini habari za televisheni.

Ile ndogo ilikuwa na rangi safi. Shangazi akaikunjua leso yake sakafuni kutoka kwenye kioo hadi kwenye alama ya uzi, akanisimamisha mwisho wake. "Funika jicho moja," akaniambia. "Sasa wewe ni mamako. Yule wa kati amevaa pete?"

Sikuona pete. Niliona wanawake wadogo kama mbegu za ufuta.

Tukaja kwenye ile ya wastani. Mwanzo ilionekana imepauka, na mimi nilikuwa tayari nimeshaikataa, lakini Bi Khadija akasema hiyo ni kwa sababu haijachezewa, wenzake wamepandishwa rangi ili wavutie. Akageuza kifundo taratibu. Hina ikarudi kuwa hina, ile ya kahawia yenye wekundu ndani yake. Ngozi ikawa ngozi.

"Amevaa pete?"

"Amevaa, Shangazi. Ina kito cha kijani. Na yule wa pembeni ana kovu kwenye kiganja."

"Na maneno ya ngoma wayasikia?"

Nikayasikia, hata nikaitikia. Shangazi akasogea pembeni akatazama kwa upande, akasogea upande wa pili, akainama, akarudi. Kisha katika kanda wale wanawake wote wakageuza vichwa kuelekea mlangoni. Rukia alikuwa anaingia. Niliona pindo la nguo, na Shangazi akabonyeza, kioo kikazima.

"Shangazi!"

"Hapana. Wa kwanza kumwona ni aliyemzaa."

Wanaume walipotoka msikitini Bwana Salimu alibisha mlango wa duka lake mwenyewe kama mgeni. Alipoambiwa tumechukua ya wastani akamtania Shangazi. "Bi Mwanahawa, mchagua nazi hupata koroma."

"Koroma humpata anayechagua kwa macho," Shangazi akasema. "Mimi hutikisa."

Zilibaki fedha kidogo, na hilo nalo lilikuwa jambo jema, kwani zilinunua plagi madhubuti, meza fupi ya kuiweka, na kifaa cha kutuliza umeme, maana umeme wa Malindi wakati ule ulikuwa na hasira zake. Kahindi, kijana wa Sabaki aliyekuwa na mkokoteni, aliifunga kwa godoro na kamba. Akasukuma kwa uangalifu mpaka watu wakamuuliza kama amebeba mayai. "Nimebeba jicho la mtu," akawajibu, kwa kuwa alikuwa amemsikia Shangazi.

Nyumbani tukaiweka pale palipopimwa, mbali na dirisha la bahari. Mama akainuliwa, akawekewa mito. Tulikuwa watatu tu. Shangazi alisema majirani watakuja kesho.

Kanda ikaanza. Wanawake wa ngoma, makofi, vichwa vikageuka. Rukia akaingia, ameshikwa huku na huku. Picha ikakaa kwenye nguo yake, ikapanda kwenye dhahabu za shingoni, ikakaa usoni. Uso ulikuwa umetulia, macho yameinama, kama alivyosema Mama, hausemi kitu. Mwanamke mpiga picha alikuwa amependa mapambo. Akatuonyesha asumini za kichwani, akatuonyesha mito, akarudi kwenye dhahabu. Mikono ilikuwa chini, imefunikwa na pindo la shela.

"Mikono," Mama akasema.

"Itakuja," Shangazi akamjibu.

Ngoma ikaendelea. Mtu akapita mbele na kumfukizia udi. Kisha somo wake, kungwi aliyemfunda, akaja kuitengeneza ile shela, akaikunja, na mpiga picha, Mungu amjaalie popote alipo, akaisogelea ile hina kwa kuwa ilikuwa imepambwa vizuri. Mikono miwili ya Rukia ikajaa kwenye kioo.

Mama aliinama mbele mpaka nikamshika bega. Tulisikia pumzi yake.

Vidole vilikuwa vimenyooka juu ya mapaja, vyote, na vidole gumba viko nje, vimelala kwa raha kama paka juani. Na tukiwa bado tunatazama, kidole kimoja cha mkono wa kulia kikaanza kupiga juu ya goti, pole pole, kinafuata ngoma.

Mama akaegemea mito yake. Alicheka, kisha akapangusa macho kwa upande wa leso, kisha akacheka tena. "Mtovu wa adabu huyu. Harusi yake mwenyewe, naye anapiga ngoma."

"Hana hofu," nikasema.

"Hana hofu," akasema Mama. "Nipeni chakula."

Alikula wali wote. Usiku ule ndani ya nyumba yetu ilisikika sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Rukia aondoke, nayo ni Mama akikoroma. Shangazi na mimi tulikaa tukiisikiliza kama taarabu.

Kifuniko changu cha lesi? Nilikivisha hivyo hivyo, kikaburuta mpaka chini. Majirani walipokuja kesho yake mmoja akasema, "Televisheni imevaa kanzu ya babake." Nikakata, nikashona upya. Kitambaa kilichobaki kilitosha mto.

Sasa nikujibu, mwanangu. Vyombo vya leo ni vyembamba, na herufi zake mimi sizijui, lakini mtu anayetazama ni yule yule. Kabla hujauliza bei, jiulize unataka kuona nini. Kama ni mpira na wenzako, au masomo ya watoto, au uso wa mtu aliye mbali kwenye simu ya picha, sema hivyo kwa muuzaji, maana hata mkweli hawezi kukuambia asichoulizwa. Pima chumba chako kabla ya kwenda dukani, toka unapokaa mpaka ukutani, uchukue ukubwa unaolingana na nafasi hiyo. Kilicho kikubwa mno kwenye chumba chembamba huchosha macho, na kilicho kidogo mno utakikodolea. Ukifika, usizisikilize rangi za dukani. Huwa zimepandishwa ili zikuite. Omba zishushwe, uangalie ngozi ya mtu, kwa kuwa hiyo unaijua, na maua huyajui. Tazama kutoka mbele na kutoka pembeni, kwani nyumbani si wote watakaopata kiti cha kati. Sikiliza sauti pia, vyombo hivi vyembamba wakati mwingine vina sauti nyembamba. Beba chako cha kujaribia, uhakikishe kinaingia kwenye tundu zake na kinaelewana nacho. Soma kilichoandikwa nyuma. Usimalize fedha zako zote kwenye kioo, bakisha za kukilinda na umeme na kukiweka mahali pa haki, mbali na upepo wa chumvi. Na ukiambiwa jambo haliwezekani kujaribiwa, usinune, wala usilipe. Ngoja kidogo, utazame kama hakuna saa ya alasiri ambayo mlango hujifungua.

Nawe usiwe na wasiwasi kuwa fedha zako ni za wastani. Ile ya wastani ndiyo iliyomlaza mama yangu usingizi.

Nenda basi, mwanangu, na Mola akutangulie. Akupe nyumba isiyokosa watu wa kukaa mbele ya hicho kioo, na macho ya kuonea mpaka uzeeni. Na kila umpendaye aliye mbali nawe, siku utakapomtazama, umkute mikono yake iko wazi.